Kikohozi cha Askari Kipimwe, Kisihukumiwe kwa Macho

Anayetoka Bujumbura kwenda Rumonge kwa barabara ya ziwani hupita Minago kabla ya kufika mjini. Mkono wake wa kulia yako maji ya Tanganyika na mitumbwi iliyovutwa mchangani. Mkono wa kushoto iko michikichi na nyuma yake milima. Jua likitua, wavuvi huwasha taa zao na kuingia ziwani kutafuta ndagala na mukeke, na nchi kavu huachiwa wanaolala na wanaolinda. Miongoni mwa wanaolinda wamo askari polisi na wanajeshi. Leo tunakusudia kuzungumza juu ya mapafu yao.

Tuchukue mfano. Askari mmoja wa zamu ya usiku anakohoa. Wiki ya kwanza anasema ni upepo wa ziwa. Wiki ya pili mwenzake anamnunulia dawa ya maji dukani. Wiki ya tatu anaamka fulana imelowa jasho, na mkanda wake wa kiunoni umerudi nyuma tundu moja. Kwa mganga haendi, maana anaogopa kuandikwa kuwa mgonjwa na kuondolewa katika orodha ya wanaotazamiwa kwenda mafunzoni. Bwenini wanalala watu kumi na wawili, na madirisha yamefungwa kwa ajili ya mbu. Hatumtaji mtu fulani. Lakini kila aliyepata kuishi kambini anamjua askari wa namna hiyo.

Swali letu ni hili: ni nani mwenye haki ya kusema askari huyo anaumwa nini, na kwa ushahidi gani? Askari polisi anajua kuliko wengi kwamba mtu hatiwi hatiani kwa sura yake. Hukamatwa kwa kushukiwa, lakini huhukumiwa kwa ushahidi. Ndivyo ilivyo kwa maradhi ya kifua. Kikohozi, homa na kukonda ni sababu za kushuku tu. Ushahidi umo katika makohozi, na kwa zaidi ya miaka mia moja mahakama yake imekuwa hadubini.

DALILI NI SHUTUMA TU

Maradhi mengi ya kifua huvaa sare moja. Kichomi huleta homa, kikohozi na maumivu ya ubavu. Kifua kikuu huleta kikohozi cha siku nyingi, jasho la usiku na kukonda. Maji yakijaa pembeni mwa mapafu, mtu hutweta. Moyo ukichoka, mtu hutweta vilevile. Hata picha ya eksirei, ambayo wengi huidhani kuwa neno la mwisho, huonyesha kivuli bila kusema kivuli hicho ni cha nani.

Majeshi yetu ya Afrika Mashariki yana kisa cha kujifunzia. Kati ya mwezi wa Aprili 2009 na mwanzo wa Mei 2010, askari wa Umoja wa Afrika waliokuwa Mogadishu, kikosi ambacho wakati huo kilikuwa cha Uganda na Burundi, walipatwa na ugonjwa usiojulikana. Miguu ilivimba, pumzi zikawa fupi, moyo ukapiga mbio. Walihesabiwa wagonjwa 241. Wanne walifariki, na wasiopungua 52 walipelekwa kwa ndege katika hospitali za Kenya na Uganda. Vipimo vya kwanza vya maabara havikuonyesha maambukizo wala sumu. Wachunguzi hawakutosheka na kubahatisha. Waliuliza kila mmoja alikula nini, wakaona kwamba walioumia ni wale waliotegemea chakula cha kikosi peke yake. Walipopewa vitamini B1, walipata nafuu upesi, na damu iliyochukuliwa kabla ya tiba ikathibitisha kwamba walipungukiwa vitamini hiyo. Ulikuwa ugonjwa wa beriberi.

Tumekitaja kisa hiki kwa sababu kinawahusu askari wenyewe, na kwa sababu kinavunja kiburi cha wanaosema, "Mimi nikimsikia mtu akikohoa najua anaumwa nini." Kutweta kwa aina moja kunaweza kutokana na chakula, kunaweza kutokana na moyo, na kunaweza kutokana na kijidudu. Kila kimoja kina dawa yake, na dawa ya kimoja haimfai mgonjwa wa kingine.

HADUBINI INAVYOTOA USHAHIDI

Tarehe 24 Machi 1882, mjini Berlin, daktari Robert Koch alitangaza kwamba amekiona kijidudu kinacholeta kifua kikuu. Ndiyo sababu siku hiyo huadhimishwa kila mwaka duniani kuwa siku ya kifua kikuu. Miaka miwili baadaye, mwaka 1884, katika mji huohuo, Hans Christian Gram, daktari kutoka Denmark, alikuwa akichunguza mapafu ya watu waliokufa kwa kichomi. Tatizo lake lilikuwa kwamba vijidudu vilipotea katikati ya chembe za mwili, kama mtu aliyevaa kiraia anavyopotea sokoni. Alibuni njia ya kuvitia rangi ili vionekane, na rangi yake inatumika katika maabara hadi leo.

Kijidudu cha kifua kikuu kilihitaji mbinu ya peke yake, kwa kuwa kimejifunika ganda la mafuta kama nta. Franz Ziehl na Friedrich Neelsen, katika miaka ya 1882 na 1883, waliikamilisha njia iliyobeba majina yao. Makohozi hupakwa juu ya kioo chembamba, yakaachwa yakauke, kisha yakapitishwa motoni yashike. Humiminwa rangi nyekundu, na kioo hupashwa moto mpaka mvuke utoke bila kuchemka. Rangi hupenya ndani ya ganda. Kisha kioo huoshwa kwa tindikali, ambayo huondoa wekundu katika kila kitu isipokuwa kijidudu chenye ganda. Mwisho hutiwa rangi ya samawati. Mtaalamu akitazama kwa lenzi inayokuza mara elfu moja, huona uwanja wa samawati, na ndani yake, kama vimo, vijiti vyembamba vyekundu. Hivyo ndivyo vijidudu vya kifua kikuu.

Lakini kabla ya kutafuta vijiti, jicho lililofundishwa hutazama chembe za mwili zenyewe. Chembe pana na bapa zikiwa nyingi, hizo zimetoka mdomoni: mgonjwa ametema mate. Chembe za usaha, pamoja na zile chembe kubwa zinazomeza vumbi ndani ya vifuko vya hewa, ni dalili kwamba kilicholetwa kimetoka kifuani kwelikweli. Kwa hiyo kioo husema mambo mawili kwa pamoja: mgonjwa ana nini, na je, alichotuletea kinastahili kupimwa?

Hapa ndipo askari wengi hupoteza safari yao. Hupewa kikopo, wakatema mate kwa haraka na kuondoka. Makohozi yanayofaa hutolewa hivi: mtu huenda mahali pa wazi penye hewa, mbali na wenzake, husukutua kinywa kwa maji, huvuta pumzi ndefu mara mbili tatu, kisha hukohoa kwa nguvu kutoka chini ya kifua. Ya alfajiri, kabla ya kula, huwa bora. Sampuli mbili ndizo zinazotakiwa kwa kawaida, moja ya papo hapo na moja ya asubuhi.

MAANA YA NENO "HAKUNA"

Sasa tufikie jambo ambalo kwa maoni yetu ndilo zito kuliko yote. Mgonjwa akirudishiwa karatasi iliyoandikwa kwamba vijidudu havikuonekana, wengi husoma kwamba hana kifua kikuu. Hayo ni maneno mawili tofauti, na tofauti yake imewapeleka watu kaburini.

Kwanza, neno "hakuna" lina bei. Kanuni inamtaka mtaalamu atazame nyanja 100 za kioo kabla ya kuliandika. Akiviona vijidudu 1 hadi 9 katika nyanja hizo 100, huandika idadi yake. Akiona 10 hadi 99, hutia alama moja ya kujumlisha. Vikiwa 1 hadi 10 katika kila uwanja, alama mbili. Vikizidi hapo, alama tatu. Aliyetazama nyanja ishirini akaandika "hakuna" ni sawa na mlinzi aliyezunguka nusu ya ghala akaandika kitabuni kwamba usiku ulikuwa shwari. Ndiyo maana miongozo ya maabara huonya kwamba mtu mmoja asibebeshwe zaidi ya vioo 20 au 25 kwa siku, maana jicho huchoka. Na ndiyo maana vioo huhifadhiwa, vikatazamwa upya na mtu wa ngazi ya juu asiyejua jibu la kwanza.

Pili, hata mtaalamu mwaminifu ana mpaka. Ili kijidudu kionekane kwa hadubini, inahitajiwa viwepo takriban 5,000 hadi 10,000 katika kila mililita moja ya makohozi. Maana yake ni kwamba makohozi ya kujaza kijiko kimoja cha chai yanaweza kubeba vijidudu elfu ishirini na kioo kisionyeshe hata kimoja. Mtu mwenye virusi vya UKIMWI huponyoka kwa urahisi zaidi katika kipimo hiki, kwa sababu mapafu yake mara nyingi hayatoboki mashimo yanayomimina vijidudu kwa wingi. Hivyo mgonjwa dhaifu kuliko wote ndiye anayeweza kurudishwa nyumbani na karatasi njema.

Tatu, hadubini haijui kama kijidudu ni sugu. Kile kinachokufa kwa dawa ya rifampisini na kile kinachoicheka huonekana sawasawa, vyote vijiti vyekundu.

MAFUNZO KUTOKA NG'AMBO YA MPAKA

Je, chombo chenye mipaka kama hii kiliwezaje kuokoa watu? Jibu liko Tanzania, nchi inayogawana ziwa hili nasi. Mwaka 1977 nchi hiyo ilianzisha mpango wa taifa wa kifua kikuu na ukoma, kwa ushirikiano na chama cha kimataifa cha kupambana na kifua kikuu, na mshauri wake alikuwa Dakta Karel Styblo. Mpango huo haukungoja mashine za eksirei zifike kila wilaya. Uliweka hadubini mbele, ukapeleka vioo na rangi bila kukatika, na ukaweka daftari: kila aliyekutwa na vijidudu aliandikwa, akapewa dawa huku akitazamwa, na makohozi yake yakapimwa tena mpaka mwisho wa tiba. Kila robo ya mwaka wilaya ilitoa hesabu: waliopona wangapi, waliokufa wangapi, waliotoroka tiba wangapi.

Utaratibu huo ulifuatwa Malawi, Msumbiji, Benin na Nicaragua, na katika miaka ya 1990 Shirika la Afya Duniani likaufanya kuwa mfano wa dunia nzima. Askari ataelewa mara moja siri yake. Haikuwa katika lenzi. Ilikuwa katika nidhamu ya kuandika, kufuatilia na kutoa hesabu. Bunduki bila daftari la risasi ni hasara. Hadubini bila daftari la wagonjwa ni pambo la mezani.

MASHINE MPYA NA FEDHA PUNGUFU

Mambo yamebadilika tangu hapo. Mwezi wa Desemba 2010 Shirika la Afya Duniani lilikubali matumizi ya mashine iitwayo Xpert, inayotafuta alama za urithi za kijidudu chenyewe. Hii huweza kugundua vijidudu wapatao 130 tu katika mililita, hujibu kwa muda wa saa mbili, na papo hapo husema kama rifampisini itafanya kazi. Mwaka 2021 shirika hilo lilielekeza kwamba vipimo vya namna hiyo viwe vya kwanza kumpima mgonjwa, mahali pa hadubini.

Wako wanaosema basi hadubini zitupwe. Wako wengine wanaosema mashine hizo ni za miji mikubwa, na ufuko kama wa Minago ubaki na kioo chake. Sisi tunaona pande zote mbili zimekosea.

Wa kwanza wamesahau mambo mawili. Mashine hiyo hutaka umeme usiokatika na chumba kisichozidi joto la nyuzi 30 hivi, jambo ambalo si jepesi kando ya ziwa. Vikasha vyake hununuliwa nje kwa fedha za kigeni. Tena mashine huweza kuona mabaki ya kijidudu kilichokwisha kufa; kwa hiyo haifai kumpima aliyeko katika tiba ili kujua kama anapona. Kazi hiyo ni ya hadubini hata leo. Na hadubini nayo imeendelea: ile yenye taa ndogo za kisasa na rangi inayong'aa gizani, ambayo Shirika la Afya Duniani iliipendekeza mwaka 2011, huona zaidi na kwa haraka zaidi kuliko ile ya zamani, na huweza kutumia betri.

Wa pili wamesahau haki ya mgonjwa. Makohozi ya askari wa Minago yanaweza kusafirishwa katika kikopo kilichofungwa vizuri, ndani ya sanduku la baridi, kwa pikipiki au gari, mpaka ilipo mashine. Pasipo na umeme wa kuaminika, upo ufumbuzi mwingine: kipimo cha Truenat kilichobuniwa India, kinachotumia betri, kilikubaliwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2020. Hakuna sababu mtu apate haki nusu kwa kuwa analinda mahali pa mbali.

Msimamo wetu basi ni huu: mashine iwe hakimu wa kwanza, hadubini iwe mlinzi wa kila siku. Na tunalisema hili wakati mgumu. Mwaka 2025 serikali ya Marekani ilikata sehemu kubwa ya misaada yake ya nje, na mwezi wa Machi mwaka huo Shirika la Afya Duniani likaonya kwamba upungufu huo unahatarisha maisha ya mamilioni ya wagonjwa wa kifua kikuu. Ugonjwa huu si mdogo: mwaka 2023 uliwapata watu wapatao milioni 10.8 duniani na kuua milioni 1.25. Mwaka huohuo wa 2025, makumi ya maelfu ya watu walikimbia vita vya Kivu na kuingia Burundi, wengi wao kwa kuvuka mto Rusizi. Waliowapokea wa kwanza mpakani walikuwa askari. Watu waliochoka, wenye njaa, waliosongamana, ndio uwanja ambao kifua kikuu hupenda. Vikasha vikikosekana bandarini, maabara iliyotupa hadubini yake itabaki kipofu.

WAJIBU WA MKUU NA WA ASKARI

Tumeanza na askari wa mfano, na tunarudi kwake. Hadubini yake haina faida, wala mashine, ikiwa hofu imemfunga mlango. Kijidudu hiki husafiri hewani, kwa kukohoa na kupiga chafya. Hakipiti katika sahani, sare wala kupeana mikono. Askari anayeficha kikohozi miezi mitatu amelala na wenzake kumi na mmoja kwa usiku tisini. Aliyegunduliwa mapema hutibiwa miezi sita kwa dawa nne kisha mbili, na hatari ya kuambukiza hupungua haraka baada ya kuanza dawa zinazofaa. Dawa hizo, katika Burundi na nchi jirani, hutolewa bure. Kisha hurudi kazini akiwa mzima.

Asiyemaliza dawa hujiletea jambo zito zaidi, yaani kijidudu sugu. Wagonjwa wa namna hiyo nchini Burundi walipelekwa kutibiwa Kibumbu, kule milimani Mwaro, mbali na jamaa zao. Askari anayeacha dawa mwezi wa pili kwa kuwa amejisikia nafuu anafanana na doria inayorudi kambini kwa kuwa haijasikia risasi.

Mkuu wa kambi naye ana sehemu yake, na kwa maoni yetu ndiyo kubwa. Atoe amri kwamba kila anayekohoa wiki mbili au zaidi apimwe makohozi, awe mwenye cheo au asiye na cheo. Ahakikishe kwamba jibu ni siri ya mgonjwa na mganga wake, na kwamba nafasi ya mtu haipotei kwa sababu ya kuumwa. Afungue madirisha ya mabweni mchana kutwa, maana upepo na jua ni dawa zisizonunuliwa. Vyandarua vitazuia mbu usiku. Asiwasahau mahabusu: chumba cha polisi kilichojaa watu humwambukiza mlinzi pamoja na anayelindwa. Na jibu likija kuwa "hakuna" wakati mtu anaendelea kukonda, asilikubali kuwa neno la mwisho. Aagize makohozi mengine, aulize mashine iko wapi, na gari lipatikane.

Ndugu askari, wewe umefundishwa kutomwamini mtu kwa maneno yake matupu pale kizuizini. Humwomba hati, ukaitazama mwangani, ukailinganisha na uso wake. Ufanyie kifua chako vivyo hivyo. Usikubali maneno ya dukani wala ya rafiki, wala usikubali hofu yako mwenyewe iwe shahidi. Chukua kikopo, toka nje alfajiri ndagala zinapoanikwa mchangani, vuta pumzi, ukohoe kutoka chini. Kisha peleka, ungoje jibu, ulielewe, na ulifuate mpaka mwisho. Wenzako kumi na mmoja wanaolala bwenini mwako wanakutegemea.